Chema Chajiuza, Lakini Si Mtandaoni

Wahenga wetu walinena kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii tulilishwa tungali wadogo, na sisi watu wa Mwambao tumeitumia kwa kila jambo: kwa samaki sokoni, kwa kanzu ya mshonaji hodari, na hata kwa binti wa watu anayengojewa posa. Walakini juzi nilikaa barazani baada ya sala ya isha, hapa Mji wa Kale, Mombasa, nikawasikiliza vijana watatu wakizungumza juu ya kazi yao mpya, nami nikajiuliza kama wahenga hao wangalisema vivyo hivyo lau wangaliishi katika zama hizi za simu.

Kazi yenyewe ni hii ya kutengeneza vipindi na kuvitia katika mtandao. Mmoja wao huchekesha, wa pili huonyesha vichochoro vya mji na milango yake ya nakshi, wa tatu huwafunza watoto herufi za Kiarabu. Wote watatu wameshatimiza mwaka katika shughuli hiyo, na hapana hata mmoja aliyewahi kutia mfukoni shilingi moja itokanayo nayo.

"Tatizo si kazi, mzee," aliniambia yule wa milango. "Kazi twaiweza. Tatizo ni kuonekana."

Msomaji mpendwa, neno hilo la kuonekana ndilo lililonifanya nishike kalamu. Wazee wengi hudhani kwamba mtoto anayekesha na simu anacheza. Vijana wengi nao hudhani kwamba aliyefanikiwa mtandaoni ameokota dodo chini ya mwarobaini. Pande zote mbili zimekosea, na nitaeleza kwa nini kwa kumzungumzia mtu ninayemjua vyema kuliko hao wa barazani, naye ni mwana wa ndugu yangu. Jina lake sitalitaja, maana hata yeye mwenyewe halitaji katika vipindi vyake.

Siku moja jikoni

Baba yake binti huyu, ambaye ni kaka yangu, alikuwa karani katika ofisi ya uwakala wa kutoa mizigo bandarini. Mwaka 2019 serikali ilipoamuru mizigo ichukuliwe kwa reli mpya ya SGR, kazi nyingi za mizigo zilihama Mombasa zikaenda bara, na yake ikawa miongoni mwa hizo. Amri hiyo iliondolewa mwaka 2022, lakini kazi yake haikurudi. Nyumba ikabaki kutegemea mahamri na mbaazi za nazi ambazo mkewe huuza barazani kila asubuhi. Ramadhani ya mwaka huo huo wa 2022, binti, aliyekuwa amemaliza kidato cha nne, aliazima simu ya mamake, akaifunga juu ya kigoda kwa ukanda wa mpira, akaanza kuonyesha mapishi ya kwetu.

Nakiri kwamba miezi ya kwanza mimi pia nilidhani ni mchezo. Basi akaniambia, "Ami, njoo ukae siku moja ujionee." Nikaenda, nikawekewa kiti kizingitini mwa jiko.

Siku ile alikuwa apika mahamri. Kwa mama mwenye nyumba hiyo si kazi ya kutolewa jasho. Lakini kwa mwenye kupiga picha kila hatua hufanywa mara mbili, mara moja ionekane kutoka juu, mara ya pili ionekane kwa ubavuni. Nazi mbili zilikunwa ili itakiwe moja tu. Alipokuwa anakanda unga, iliadhiniwa adhuhuri, akaacha. Kwanza kwa heshima, na pili kwa kuwa sauti ingaliingia katika kipindi. Aliporudi, jua lilikuwa limeshahama katika kile kidirisha, na unga wa asubuhi na wa adhuhuri ukawa haufanani rangi. Mara umeme ukakatika. Mara pikipiki ya jirani ikanguruma nje. Tulipomaliza, watu walikuwa watoka msikitini baada ya alasiri. Usiku akakaa na simu ileile akikata na kuunga, na katika saa tatu za picha zikabaki dakika tisa. Kisha akangoja saa sita za usiku zipite, kwa sababu bando la usiku ndilo rahisi.

Dakika hizo tisa zilitazamwa mara 41 katika juma la kwanza, na nina yakini kwamba 12 kati ya hizo ni mimi na wanangu. Bibi yake, alipoambiwa kwamba kuna watu wanaokaa kutazama mahamri wasiyoyala, aliuliza, "Kwani hao hawana mama kwao?"

Juu ya hilo bando kuna jambo la kustaajabisha. Mikonga ya chini ya bahari inayoleta intaneti Kenya huingilia kwetu Mombasa. SEACOM ulifika mwaka 2009, na TEAMS, unaotoka Fujaira katika nchi za Falme za Kiarabu, ukafika mwaka huo huo. EASSy ukafuata mwaka 2010. Mikonga ilipokatika baharini mwezi wa Mei 2024, eneo zima la Afrika Mashariki liliona taabu. Maji yapita mlangoni petu, ila kuyateka kuna gharama: Sheria ya Fedha ya 2023 iliuweka ushuru wa bidhaa juu ya data za simu kuwa asilimia 15. Mwenye kutazama anazihisi kidogo. Mwenye kupeleka vipindi vizito kila juma anazihisi sana.

Milango ya malipo

Watu huuliza, "Je, analipwa?" Jibu lake si la neno moja. YouTube, iliyoanzishwa mwaka 2005 na kununuliwa na kampuni ya Google mwaka 2006, haimlipi mtu kwa kuwa ametia kipindi. Humgawia fungu la fedha za matangazo, na kabla ya kufikia fungu hilo kuna milango ya kupita.

Mlango wa kwanza, uliowekwa mwaka 2018, ni kuwa na wafuasi 1,000, na vipindi vyako viwe vimetazamwa kwa saa 4,000 katika muda wa miezi 12. Tuzihesabu saa hizo. Ni dakika 240,000. Ikiwa kila mtazamaji hukaa dakika nne kisha akaenda zake, yatakikana kutazamwa mara 60,000 kwa mwaka. Tena siku moja ikipita, siku ya mwaka jana iliyolingana nayo huondoka katika hesabu, basi ukilala, kile ulichokusanya kinapungua. Wenye vipindi vifupi vifupi wana njia yao, nayo ni kutazamwa mara milioni 10 kwa siku 90.

Mlango wa pili ni barua. Naam, barua ya karatasi! Chumo likifika dola 10, kampuni hupeleka kwa posta namba ya siri ya kuthibitisha anwani. Vijana wa leo hawana sanduku la posta, naye akatumia langu. Barua ya kwanza hatukuiona. Ya pili ikaja, nami nikaenda nayo mbio kama mwenye kupeleka habari za mwezi mwandamo.

Mlango wa tatu ni kwamba hulipwi mpaka chumo lifike dola 100. Katika fedha za matangazo ya vipindi virefu mwenye kazi hupata asilimia 55, na 45 hubaki na kampuni. Kisha zipo kodi. Tangu mwaka 2021, fedha zitokazo kwa watazamaji walioko Marekani hukatwa kodi ya nchi hiyo, nayo kwa Mkenya ni asilimia 30, maana nchi yetu haina mkataba wa kodi na Marekani. Na asiyejaza fomu hukatwa asilimia 24 ya chumo lake la dunia nzima. Hapa nyumbani, Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 juu ya malipo ya vipindi vya mtandaoni kwa mkazi wa Kenya. Mpango wa awali ulikuwa asilimia 15, watu wakalalamika ikateremshwa.

Zaidi ya hayo, watazamaji hawana thamani moja. Mwenye kutangaza biashara hulipa zaidi kwa macho yaliyoko London kuliko kwa macho yaliyoko Likoni. Kwa hiyo binti akashauriwa aseme Kiingereza. Akajaribu kipindi kimoja. Nilikitazama, nikaona mtu aliyevaa viatu vya mwenzake. Tui la kwanza na tui la pili akashindwa kuyatofautisha kwa neno. Kuumuka, kuroweka, kukuna, kuchuja, yote yakawa maneno mawili matatu yaliyochoka. Na ajabu ni kwamba wale wachache waliokuwa wakimfuata kutoka Muskati, Dubai na London walimwandikia kumuuliza Kiswahili kimekwenda wapi. Hao walikuwa hawatafuti mahamri tu. Walitafuta sauti ya jikoni kwao. Akarudi katika lugha yake, akijua kwamba anarudi katika njia ndefu.

Sauti hii ni ya nani?

Jambo la kuchuma kwa sauti si geni pwani yetu. Siti binti Saad wa Unguja alisafiri mpaka Bombay mwaka 1928 akarekodi nyimbo katika santuri. Nilipokuwa mtoto wa chuoni, katika miaka ya 1980, ilikuwa zama za kanda. Taarabu ikipigwa arusini Ijumaa, Jumatatu kanda zake zishaenea mjini, na baada ya mwezi zishavuka bahari. Kanda za Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, na za Zein l'Abdin, aliyefariki mwaka 2016, zilisikika kila nyumba tuliyoingia. Mwimbaji alilipwa usiku mmoja. Wenye kunakili waliuza miaka. Sisi tulionunua nakala hizo hatukuona kosa, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Nilikumbuka hayo siku binti alipokuja kwangu akilia. Kipindi chake cha mkate wa kumimina, alichokitumikia siku mbili, kilichukuliwa na mtu asiyemjua, akakiondoa sauti, akatia muziki, akakiweka katika ukurasa wake. Kwa mwizi kilitazamwa maradufu ya kwa mwenyewe. Tulimwandikia mwenye mtandao malalamiko, tukathibitisha, na baada ya siku kadhaa kikaondolewa. Lakini watu waliokwisha kukitazama hawakurudi kumtazama yeye.

Mwezi haukwisha, akaja tena, safari hii amekasirika. Alikuwa ametia wimbo wa taarabu chini ya kipindi cha biriani. YouTube ina mtambo, tangu mwaka 2007, unaotambua sauti na picha zilizosajiliwa na wenyewe. Mtambo ukautambua wimbo, na chumo la kipindi kile likaelekezwa kwa mwenye haki.

"Ami, wimbo huu si wa kwetu?" akaniuliza. "Umeimbwa hapa hapa Mombasa."

Nikamwambia, "Na mkate wako wa kumimina, si wa kwetu pia?"

Akanyamaza. Mimi nami nikanyamaza, kwa kuzikumbuka zile kanda.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 huilinda kazi ya mtunzi kwa uhai wake na miaka 50 baada ya kufa kwake. Maana yake ni kwamba tungo ambazo Juma Bhalo alizitunga mwenyewe zitalindwa hadi mwisho wa mwaka 2064. Na YouTube humfungia chaneli mtu aliyepata maonyo matatu ya hakimiliki ndani ya siku 90. Kijana aweza kujenga miaka mitatu, akabomolewa kwa nyimbo tatu.

Haya na riziki

Sasa niingie katika jambo lililo zito zaidi, ambalo kijana wa mahali pengine huenda asilione zito, lakini sisi twalijua uzito wake.

Tangu mwanzo binti aliamua kwamba itaonekana mikono yake na itasikika sauti yake, basi. Siku moja, baada ya Idi, mikono ilikuwa na hina. Mwanamume mmoja, asiyeogopa Mungu, akaandika chini ya kipindi maneno ambayo sitayarudia. Jirani akamwonyesha baba mtu maneno yale baada ya sala ya Ijumaa, mbele za watu. Kaka yangu akarudi nyumbani, akasema neno moja: "Funga."

Tukakaa kikao cha jamaa. Mimi nilisema niliyoyajua: kwamba wanazuoni wengi hawaihesabu sauti ya mwanamke yenyewe kuwa ni uchi, bali wakataza kuilegeza, na kwamba dhambi ya maneno machafu ni ya aliyeyasema. Nikaongeza kuwa fatwa ina wenyewe, nami si mmoja wao. Kaka hakutikisika. Mwishowe mkewe, aliyekuwa kimya muda wote, akasema, "Mie nauza mahamri barazani miaka yote hii. Wapita njia wananisema, mengine sikuletei. Pesa ulizipokea. Mbona mie hukuniambia nifunge?"

Hapakuwa na aliyejibu. Baada ya siku mbili kaka yangu akatoa uamuzi wake. Chaneli haitafungwa; ila kila usiku yeye atayasoma maoni ya watu kabla ya binti kuyasoma, na machafu atayafuta. Ndivyo afanyavyo hadi leo. Tena akafungua daftari, kwa mwandiko ule ule wa ukarani, akaandika nazi, unga, gesi, bando, na kila senti inayoingia. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Mtihani mwingine ulikuja karibu na Ramadhani iliyofuata. Kampuni moja ya michezo ya kamari ikamwandikia: ataje jina lake mara tatu katika kipindi kimoja cha futari, apewe shilingi 30,000. Kwa wakati ule alikuwa bado hajapata hata senti. Mdogo wake alikuwa ana deni la karo. Akaniuliza, "Ami, nifanyeje?"

Si kweli kwamba nilimjibu papo hapo. Mwenye kushiba ni mwepesi wa kumhubiria mwenye njaa. Nilimwambia alijua hukumu ya kamari kama niijuavyo mimi, na amwulize babake. Hakwenda kumwuliza. Alikataa mwenyewe usiku ule ule. Mdogo wake alirudishwa nyumbani juma zima, mpaka mama alipopata zamu yake ya chama. Baadaye nilisoma majigambo ya watu mtandaoni juu ya kufuata ndoto zao, na kila nikisoma namkumbuka yule mtoto aliyekaa nyumbani siku tano kwa ajili ya tangazo lisilotangazwa.

Nasaha

Agosti 2023 Bunge la Taifa lilifikishiwa ombi la kutaka TikTok ipigwe marufuku nchini. Haikupigwa marufuku, na si ajabu wazazi wengine walisikitika. Mimi naona kufunga mlango hakutoshi, maana mtoto ana dirisha. Bora tumfunze apite mlangoni kwa adabu.

Kwa vijana nasema hivi. Usiache kazi uliyo nayo kwa kutumaini mtandao. Binti yetu huamka kumsaidia mamake kukaanga kabla ya kushika simu. Chagua kitu unachokijua kwa mikono yako, si kile kilichompa umaarufu mwenzako. Usitumie wimbo wa mtu bila idhini. Ikiwa wataka ngoma, mwite mpigaji mlipane. Weka nakala ya kila kazi yako nyumbani, maana chaneli ni nyumba ya kupanga na mwenye nyumba aweza kubadili kufuli. Soma masharti ya matangazo. Zipo njia za kuzuia baadhi ya mafungu ya matangazo yasipite katika vipindi vyako. Na ugomvi, matusi na siri za watu, ambavyo huvuta macho upesi, viache. Jicho lililovutwa kwa uvundo halikai.

Kwa wazee wenzangu nasema tusiwe wa kulaumu tu. Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, tunazo leo kwa kuwa walikuwapo waliozihifadhi na kuziandika. Vijana hawa wana chombo ambacho Muyaka hakukiota. Wanachokosa ni shehena, na shehena iko kwetu: visa, majina ya pepo na mitaa, mapishi, nyimbo za kubembeleza watoto. Tusipowapa watapakia takataka.

Februari 2025 binti alipokea malipo yake ya kwanza, yapata shilingi 13,000. Kaka yangu alizigawanya katika daftari lake kwa miezi tangu mwanawe alipoanza: hazikufika 400 kwa mwezi. Lakini aliziandika kwa wino mwekundu, na mkono wake ulikuwa watetemeka. Za kwanza zikaenda kwa mama. Kisha ikanunuliwa taa ya kuchaji, ili umeme ukikatika kazi isikatike. Bibi naye akapewa noti yake, akauliza ni akina nani waliozitoa. Akaambiwa wengi wako Muskati na London. "Basi waambie," akasema, "hamira wasitie nyingi."

Kwa hiyo methali yetu siitupi. Chema chajiuza, ila katika soko hili lazima kwanza kitembezwe, tena kwa miguu ya mwenyewe, njia ndefu, bila kukivua nguo. Nami nafunga kwa ubeti huu niliomwandikia siku ile ya malipo:

Mwana shika yako kazi, ifanye kwa kila hali,
Usiuze yako kanzi, kwa kipande cha riali,
Soko hili lina wizi, tena lina ukatili,
Pata kichache azizi, kilicho cha uhalali.